Gesi Ikipungua: Kuhamia Stima Bila Kumhatarisha Mtoto

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi na wauzaji tu, lakini sisi wauguzi tunaliona likitufikia kliniki: nyumba yako inapata joto kutoka wapi gesi inapopungua, inapopanda bei, au inapokosekana dukani?

Katika nyumba nyingi, mtungi wa gesi ndio unaopika uji wa mtoto. Ndio unaopasha maji ya kuoga. Na katika nyumba nyingine ndio unaowasha hita majira ya baridi. Mtungi ukiisha na mwingine usipopatikana, kazi hizo tatu hazingoji. Mtoto atataka uji, atataka kuoga, na usiku atahisi baridi. Kukosa gesi kwa siku mbili hakumdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni kile tunachokiingiza nyumbani kwa haraka badala ya gesi, hasa jiko la makaa chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Basi ujumbe wa leo ni huu. Kama nyumba yako ina stima, hamishia stima kazi za gesi moja baada ya nyingine, kwa mpango, kabla mtungi haujaisha. Na jiko la makaa lisilale chumbani hata usiku mmoja.

Kwa nini gesi hupungua

Sehemu kubwa ya gesi tunayopikia hapa Kenya hufika kwa meli katika bandari ya Mombasa. Kutoka hapo hupakiwa kwenye malori, ikajazwa kwenye mitungi, ndipo ikakufikia wewe. Zamani kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilikuwa kikitoa sehemu ya gesi hiyo, lakini kiliacha kusafisha mafuta mwaka wa 2013. Meli ikichelewa, bei ya dunia ikipanda, au shilingi yetu ikishuka, mama wa nyumbani ndiye anayehisi.

Kodi nayo ina sehemu yake. Mnamo Julai 2021 gesi ilitozwa ushuru wa asilimia 16. Julai 2022 ushuru huo ukapunguzwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ukaondolewa. Katika kipindi hicho wako akina mama waliouweka mtungi kando wakarudia makaa na mafuta ya taa. Bei ikishuka si wote wanaorudi.

Si sisi peke yetu tunaojifunza kuishi na gesi kidogo. Nchini Uholanzi, ambako nyumba hupashwa joto kwa gesi ya bomba, kulikuwa na kisima kikubwa cha gesi mahali paitwapo Groningen kilichogunduliwa mwaka wa 1959. Uchimbaji ulileta mitetemeko iliyopasua nyumba za watu, na mwaka wa 2023 ukasimamishwa. Tangu Julai 2018 nyumba mpya za huko kwa kawaida haziunganishwi tena na bomba la gesi; nyingi hupashwa joto kwa stima. Lakini wao wana baridi ya theluji, na lazima wapashe nyumba nzima. Sisi wa Limuru, Kinangop, Molo au Timboroa tuna baridi kali ya Juni hadi Agosti, lakini si ya theluji. Tutaona baadaye jinsi tofauti hii itakavyokuokolea pesa.

Stima yetu, kwa upande mwingine, sehemu kubwa hutoka papa hapa nchini: mvuke wa ardhini wa Olkaria karibu na Naivasha, mabwawa ya Mto Tana, na upepo wa Loiyangalani. Haingoji meli. Ina shida zake, nazo ni bei na kupotea, na tutazifikia.

Tahadhari moja kabla hatujaiacha gesi. Inapoadimika, huzuka watu wanaojaza mitungi vichochoroni bila leseni. Usinunue kwao, hata bei ikiwa ya kuvutia. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko wa gesi mtaani Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi mamia, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Mtungi ununuliwe kwa muuzaji mwenye kibali, na kifuniko chake kiwe na lakiri.

Sumu isiyoonekana

Mama, sikiliza sehemu hii kwa makini kuliko nyingine zote.

Makaa yakiungua hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho. Wengi wetu huwasha jiko nje, tukangoja moshi uishe, makaa yakawa mekundu, kisha tukasema, "Sasa ni salama, tuingize ndani tuote." Hapo tumedanganyika. Moshi unaoonekana umekwisha, lakini sumu isiyoonekana bado inatoka, na itaendelea kutoka mpaka makaa yazimike kabisa.

Damu yetu ina kazi ya kubeba hewa safi ya oksijeni na kuipeleka mwilini. Kaboni monoksidi hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Ikishaingia, inachukua nafasi ya oksijeni, na ubongo na moyo vinaanza kukosa hewa huku mtu akipumua kama kawaida. Anaumwa kichwa, anahisi kizunguzungu, anasikia kichefuchefu, miguu inakosa nguvu, halafu usingizi. Aliyekwisha kulala huenda asiamke.

Mtoto mchanga hudhurika haraka kwa sababu hupumua mara nyingi kuliko mtu mzima, na hawezi kusema kichwa kinamuuma. Mama mjamzito naye awe mwangalifu sana. Sumu hii hupita kutoka kwa damu yake hadi kwa mtoto aliye tumboni, na huweza kumdhuru mtoto hata kama mama amehisi kichwa tu.

Hita ya gesi, na ule mtambo wa gesi wa kupasha maji bafuni, huweza kutoa sumu hii hii kama chumba hakina njia ya hewa. Moto wa gesi unaowaka vizuri ni wa samawati. Ukiona umekuwa wa njano na unaacha masizi kwenye sufuria, zima, fungua madirisha, umwite fundi.

Hita au jiko la stima halichomi kitu ndani ya nyumba, kwa hiyo halitoi kaboni monoksidi wala moshi. Kwa mtoto mwenye pumu au anayeugua kifua mara kwa mara, hiyo ni nafuu kubwa. Stima ina hatari zake, ambazo ni kupigwa na stima, kuungua na moto wa nyaya, lakini hizo unaweza kuzizuia kwa macho na mikono yako.

Kwanza, kupika

Anza na kupika kwa sababu ndiyo kazi ya kila siku. Lakini kwanza tujifunze hesabu ndogo ya stima, isije ikakutisha au ikakudanganya.

Chini au nyuma ya kila kifaa cha stima pameandikwa nambari yenye herufi W, yaani wati. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima hula uniti moja. Cha wati 2,000 hula uniti mbili kwa saa. Uniti hizo ndizo unazonunua kwa tokeni.

Birika la stima lina wati nyingi, mara nyingi 1,500 hadi 2,000, lakini huwaka dakika chache tu likajizima. Kwa uniti moja, birika la lita moja na nusu unaweza kulichemsha kama mara sita. Kwa hiyo chai, maji ya uji, na maji ya kunywa ya mtoto ni kazi za kuhamishia stima siku ya kwanza. Chemsha unachohitaji tu, na kinachobaki utie kwenye chupa ya chai.

Kifaa cha pili ni sufuria ya presha ya stima. Maharagwe, githeri na matumbo, vyakula vinavyomaliza mtungi kwa kuchemka saa nyingi, huiva humo kwa muda mfupi, na kwa kawaida kwa chini ya uniti moja. Loweka maharagwe usiku. Usijaze sufuria kupita nusu unapopika nafaka kavu, maana hufura. Usifunike tundu la mvuke kwa kitambaa, na usilazimishe kifuniko kufunguka kabla presha haijaisha.

Ukinunua jiko la koili, chagua lililofunikwa. Yale ya bei ya chini sana yenye waya mwekundu ulio wazi ni hatari, kwa sababu uji ukifurika ukagusa waya, sufuria yenyewe inaweza kukupiga stima. Na lile jiko bapa la kioo linalopasha sufuria moja kwa moja halifanyi kazi na sufuria zetu za kawaida za alumini. Kabla hujanunua, chukua sumaku ndogo uiguse kwenye tako la sufuria yako. Isiposhika, utalazimika kununua na sufuria nyingine.

Huna haja ya kutupa mtungi. Ubaki nao kwa chapati na kwa siku ambazo stima imepotea. Mtungi uliokuwa ukiisha kila mwezi utakaa zaidi, na hutakimbilia makaa unapokosekana.

Pili, maji ya kuoga

Maji ya kumwogesha mtoto yanahitaji uvuguvugu tu. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka baridi ya asubuhi hadi uvuguvugu hula takriban nusu uniti. Mtoto mchanga anahitaji lita chache, ambazo birika moja la maji ya moto litatosha kuzichanganya.

Utaratibu ni huu. Tia maji baridi kwenye beseni kwanza, kisha ya moto. Watoto wengi huungua kwa sababu maji ya moto yalitangulia, mama akageuka kuchukua ya baridi, mtoto akatumbukiza mkono. Koroga, kisha pima kwa kiwiko chako. Yakiwa vuguvugu, ya kupendeza, yanafaa. Yakikuchoma kidogo tu, kwa mtoto ni makali, kwa maana ngozi yake ni nyororo kuliko yako. Na mtoto aliyezaliwa leo asioge leo. Asubiri angalau saa 24, abaki na joto la mama.

Ile koili ya kutumbukizwa ndani ya ndoo inatumiwa sana, nayo imewapiga stima watu wengi. Kama huna budi kuitumia, iweke ndoo mahali pakavu ambapo mtoto hafiki. Tumbukiza kwanza, ndipo uwashe. Maji yakipata moto, zima swichi, chomoa plagi, ndipo utoe koili na kugusa maji. Usipime maji kwa kidole koili ikiwa bado inawaka. Hata mara moja.

Shawa ya stima ni nzuri, lakini hula stima nyingi kwa mara moja, mara nyingi wati 4,000 au zaidi. Inahitaji waya wake mnene, swichi yake kubwa, na waya unaoteremka ardhini ili stima ikivuja isipite mwilini mwako. Ukiwa bafuni ukahisi stima inakutekenya kwenye bomba au maji, usiseme "ni kidogo." Toka, zima swichi kubwa, na bafu hiyo isitumike mpaka fundi airekebishe. Kinachomtekenya mtu mzima kinaweza kumuua mtoto aliyelowa maji.

Tatu, joto la usiku

Hapa ndipo pesa hupotea. Hita ya wati 2,000 hula uniti mbili kwa saa. Ukiiwasha saa nne usiku ukaizima saa kumi na mbili asubuhi, imekula uniti 16. Uniti hizo zingechemsha birika lako zaidi ya mara 90. Mama akiona tokeni imeisha kwa siku tatu, husema stima haiwezekani, kisha hurudi kwenye jiko la makaa.

Dawa ni kupasha mtu joto badala ya kupasha nyumba. Nilisema baridi yetu si ya theluji. Kwa hivyo fanya hivi:

Ziba nyufa za chini ya mlango kwa gunia au nguo kuukuu, na weka pazia zito dirishani. Kwa kuwa hakuna moto unaowaka ndani, huhitaji tena kuogopa kuziba upepo wa baridi, ila acha tundu la juu la hewa lilivyo. Inua godoro kutoka kwenye simiti. Kama huna kitanda, tandika makatoni na mkeka chini yake.

Mvalishe mtoto nguo nyepesi mbili au tatu badala ya moja nzito, kofia na soksi. Kwa mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa na uzani mdogo, hakuna hita inayoshinda kifua cha mama. Mweke kifuani pako, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi na kofia tu, kisha mfungeni pamoja kwa leso na blanketi. Ukichoka, baba au nyanya ashike zamu. Huduma hii huitwa ya kangaruu, na hospitalini hutumiwa kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Muulize muuguzi akuonyeshe.

Hita nayo ina saa yake. Iwashe nusu saa kabla ya kumwogesha mtoto ili chumba kiwe na joto wakati wa kumvua na kumvalisha. Hiyo ni uniti moja. Akishavaa, zima. Hita ikae mita moja kutoka kitandani, mbali na pazia, na usianike nepi juu yake. Ile iliyofunikwa pande zote, yenye mafuta ndani, haimchomi mtoto haraka kama ile ya waya mwekundu. Usilale hita ikiwaka.

Usimlaze mtoto mchanga na chupa ya maji ya moto wala juu ya blanketi ya stima. Hawezi kujisogeza inapomchoma. Na usimzidishie joto. Gusa tumbo lake au mgongo, si mikono, kwa maana mikono na miguu ya mtoto hupoa upesi. Shingo ikiwa na jasho na tumbo lina moto, punguza nguo. Tumbo likiwa baridi, mweke kifuani mara moja umnyonyeshe. Kama hapati joto, au hanyonyi, au ni mlegevu, mpeleke hospitali usiku huo huo ukiwa umemfunga kifuani. Ukiwa na kipimajoto, joto lililo chini ya 35.5 ni dalili ya hatari kwa mtoto mchanga.

Kabla hujachomeka plagi

Nyumba nyingi za kupanga ziliwekewa nyaya za taa, redio na pasi tu. Ukiongeza birika, jiko na hita, nyaya hizo zinaweza kupata moto ndani ya ukuta. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA azikague. Malipo ya ukaguzi ni madogo kuliko hasara ya nyumba kuungua.

Kisha ufuate kanuni hizi. Soketi moja, kifaa kimoja kikubwa. Soketi yetu ya kawaida hubeba takriban wati 3,000. Ukichomeka birika la 2,000 na hita ya 2,000 kwenye waya mmoja wa ekstensheni umeshapita kiasi. Plagi yenye meno matatu isikatwe jino, na usitumie kalamu kufungua tundu la juu ili uchomeke plagi ya meno mawili. Watoto wanatuona na wataiga. Plagi ikipata moto, swichi ikitoa cheche, au ukinusa plastiki inayoungua, zima na uache. Waya wa birika usining'inie mezani, maana mtoto anayejifunza kusimama atauvuta. Na usivute stima kutoka kwa jirani kwa nyaya za kupita juu ya paa. Hazina ulinzi wowote.

Stima ikipotea

Itapotea. Tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima, na kila mtaa una siku zake. Panga mapema. Wakati wa baridi, chupa ya chai ijazwe maji ya moto kila jioni. Mtungi wa gesi ubaki na akiba. Kama una kikapu cha kuivishia chakula kilichojazwa vitambaa, chemsha chakula kidogo, kiweke humo, kitaiva bila moto. Ukilazimika kuwasha makaa, pika nje, na makaa yazimwe kwa maji huko huko nje. Nyumba ikiwa baridi usiku huo, lalaneni pamoja chini ya blanketi, na mtoto mchanga akae kifuani. Asubuhi mtaamka wote.

Ajali ikitokea

Mkihisi kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu watu kadhaa kwa pamoja penye jiko la makaa au hita ya gesi, fikiria sumu. Fungua mlango, toeni watoto kwanza, tokeni nje wote, na mwende hospitali hata kama mmepata nafuu. Dawa yake ni oksijeni. Maziwa hayaondoi sumu hii, na mtu aliyelegea akinyweshwa maziwa huweza kupaliwa. Mwambie daktari mlikuwa karibu na jiko, ili asidhani ni malaria au chakula.

Mtoto akiungua, mwagia mahali hapo maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala siagi. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali.

Mtu akishikwa na stima, usimguse. Zima swichi kubwa kwanza. Usipoifikia, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu. Hata akiinuka akisema yuko sawa, aende hospitali, maana stima huweza kuudhuru moyo bila kuacha alama kubwa. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Maswali yenu

Mama mmoja anauliza: "Muuguzi, nikiacha dirisha wazi kidogo siwezi kuweka makaa chumbani?" Hapana, mama. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi kutoa sumu yote, na usiku wa baridi mtu huamka akalifunga nusu usingizini. Usihesabu dirisha. Toa jiko.

Mwingine anasema: "Mwenye nyumba amekataza koili na hita, kwa kuwa tunalipa stima kwa pamoja. Nifanye nini?" Usimfiche, kwani huenda anajua nyaya zake ni dhaifu. Kaeni wapangaji pamoja, mwombeni kila nyumba iwe na mita yake ndogo na fundi azikague nyaya. Wakati mnangoja, omba ruhusa ya birika peke yake, maana huwaka dakika chache. Joto la usiku lipate kwa nguo, blanketi na kifua chako. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu.

Nyanya mmoja anauliza: "Chakula cha stima hakimletei mtoto magonjwa?" Shikamoo nyanya. Stima haiingii katika chakula. Inapasha sufuria tu, kama kuni zinavyopasha, na uji ni ule ule. Tofauti utaiona kwenye macho na kifua chako, ambavyo havitakuwa na moshi tena.

Mambo ya kukumbuka

1. Jiko la makaa halilali ndani, hata likiwa halina moshi.
2. Anza kuhamia stima kabla gesi haijaisha: birika kwanza, kisha sufuria ya presha, kisha maji ya kuoga.
3. Andika uniti za mita kila jioni kwa wiki moja. Utajua kifaa kipi kinakula pesa.
4. Pasha mtu joto badala ya chumba. Kifua cha mama ndicho hita ya mtoto mchanga.
5. Maji baridi hutangulia kwenye beseni. Kiwiko hupima.
6. Kifaa kimoja kikubwa kwa soketi moja, na fundi mwenye leseni.

Mama, jioni hii kabla ya kulala fanya jambo moja tu. Angalia jiko lako liko wapi. Kama liko ndani, litoe. Kisha mwambie jirani yako mwenye mtoto mchanga afanye hivyo hivyo. Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya ya jamii anayewatembelea, au uje kliniki siku yoyote ya kazi.